Kalafati ya Simu Kuukuu

Mjukuu wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema simu yako ni Android 11, wenzako hosteli wamekwambia toleo hilo limeshakufa, na kuna duka linatoa simu mpya kwa kianzio cha shilingi 90,000, kilichobaki unalipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka mzima. Unaomba nikuongezee kianzio. Kabla sijatia mkono mfukoni nina maneno, tena si machache, maana kazi ya simu nimeifanya Kariakoo miaka mingi, na kwa jambo hilihili unaloniuliza nimewahi kuwashauri watu vibaya.

Baba yangu, ambaye wewe hukumdiriki, alikuwa fundi wa majahazi Bagamoyo. Chombo kikirudi safari, maji yakipwa, kiliegemezwa kwenye magogo pale pwani, naye akakipitia ubao kwa ubao, akishindilia pamba yenye mafuta katika kila mwanya. Akimaliza, tumbo la chombo linapakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Ndiyo kalafati hiyo. Maji yakipwa usiku mimi nilikuwa nikimshikia taa. Sikuwahi kuona nahodha akiunda jahazi jipya kwa sababu la zamani limeanza kupitisha maji baina ya mbao. Wala sikuona mwenye jahazi jipya akikataa kalafati kwa kuwa mbao zake bado zinanukia msumeno.

Simu nayo ina umbo na ina mianya. Umbo ni toleo la mfumo: 9, 10, 11, 15. Toleo jipya hubadili sura ya skrini, hupanga upya vitufe, huleta mambo ya kamera. Mianya ni makosa waliyoyaacha waandishi wa programu. Yamo katika kila toleo, jipya na la zamani, na kila mwezi yanagunduliwa mengine. Kiraka cha usalama ni pamba ya kushindilia katika mwanya huo, na kinaweza kutiwa bila kugusa umbo. Wenzako wanatazama umbo tu. Mimi mtu akiniletea simu namuuliza kalafati yake ya mwisho ni ya tarehe gani.

Sasa ishike simu yako. Ingia kwenye mipangilio, shuka hadi mwisho, palipoandikwa kuhusu simu, kisha gusa toleo la Android. Utaona namba 11, ile iliyokutia hofu. Chini yake kuna tarehe ya sasisho la usalama. Hiyo ndiyo kalafati ya mtengenezaji. Chini yake tena, au katika sehemu ya usalama, kuna tarehe ya sasisho la mfumo wa Google Play. Hiyo ni kalafati nyingine, inayopita njia yake, na nitaieleza. Ziandike zote mbili kwenye karatasi. Watu wanajua siku waliyonunua simu, wanajua kamera ina megapikseli ngapi, lakini tarehe hizi mbili sijawahi kukutana na mteja aliyezijua.

Nikueleze zilikotoka. Julai 2015 mtafiti mmoja, Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium, alitangaza kwamba amepata mwanya katika sehemu ya Android inayofungua video na sauti. Sehemu hiyo iliitwa Stagefright. Ubaya wake ni huu: adui alihitaji namba yako ya simu tu. Angekutumia ujumbe wenye video iliyotegwa, na simu yenyewe ingeufungua ili ikuandalie, wewe hata hujaugusa, pengine umelala. Walikadiria simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Mwezi uliofuata Google ikatangaza kwamba itakuwa inatoa viraka kila mwezi, na tangu hapo simu za Android zikaanza kuonyesha tarehe hiyo ya usalama. Kabla ya mwaka ule mwenye simu hakuwa na pa kutazama.

Lakini kiraka kutolewa ni jambo moja, kukufikia ni jingine. Google wakikitoa, kinakwenda kwa aliyetengeneza chipu, Qualcomm au MediaTek au Unisoc, naye atie vyake. Kisha kinakwenda kwa mwenye jina lililoandikwa mgongoni mwa simu, akipime kwa kila modeli yake. Pengine kinapita pia kwa kampuni ya mtandao. Kila mkono unaweza kuchelewa, na unaweza usifanye kabisa. MediaTek walikuwa na dawa ya mwanya mmoja mkubwa katika chipu zao tangu Mei 2019. Mwanya huo ulimwezesha mwenye programu mbaya kujitwalia mamlaka yote ndani ya simu. Machi 2020, miezi kumi baadaye, Google ilibidi iuingize katika taarifa yake ya mwezi, kwa kuwa simu nyingi, hasa za bei nafuu, zilikuwa bado wazi na wahalifu walikwisha kuutumia. Dawa ilikuwapo, mjukuu wangu. Haikuwafikia wagonjwa.

Na wapo walioandika tarehe bila kufanya kazi. Mwaka 2018 watafiti wa Berlin, Karsten Nohl na Jakob Lell, walikagua programu za simu 1,200 wakakuta baadhi ya watengenezaji wameisogeza tarehe mbele huku viraka vingine havimo. Ni sawa na fundi aliyepaka deheni juu ya mwanya mtupu. Baba yangu angemfukuza pwani mtu wa namna hiyo. Hili silisemi ili ukate tamaa na tarehe. Simu nyingi husema kweli. Nalisema ili ujue kwamba jina la mtengenezaji lina uzito kuliko wingi wa kamera.

Kwa sababu ya mlolongo huo mrefu, Google walitafuta njia ya kumfikia mwenye simu moja kwa moja. Ilianza na Android 10, mwaka 2019. Vipande fulani vya mfumo vilichomolewa vikafanywa kama moduli, vinavyoweza kubadilishwa kupitia Google Play bila kumsubiri mwenye chipu wala mwenye kiwanda: vya kufungua video na sauti, vya kutafuta anwani za mtandao, vya kufunga mazungumzo yako na benki yasisomwe njiani, vya kusimamia ruhusa za programu. Wenyewe walisema wakati ule kwamba karibu asilimia 40 ya mianya iliyokuwa imezibwa siku za karibuni ilikuwa katika vipande vya video na sauti peke yake. Hiyo ndiyo tarehe yako ya pili. Simu yako ni Android 11, kwa hiyo njia hiyo unayo. Gusa tarehe hiyo, simu itauliza Google kama kuna kipya, itapakua, kisha itakuomba uizime na kuiwasha. Usipoizima na kuiwasha, kiraka hakiingii. Nimeona simu ambayo haijazimwa miezi mitano, kiraka kimekaa mlangoni kinangoja.

Hapo nifike kwenye kosa langu. Miaka ile simu janja zilipoanza kujaa mtaani, mteja akilalamika kwamba bando linaisha haraka au simu imekuwa nzito, dawa yangu ilikuwa moja: nilimzimia masasisho yote. Tena nilimwambia kwa kujiamini, "Mama, hizi apdeti ndizo zinakula bando na kuua simu." Mafundi karibu wote tulisema hivyo. Wateja walifurahi, bando lilikaa, sifa zangu zilienea. Yupo mama mmoja muuza chakula aliyetaka nimwekee programu ya kuangalia mpira bure. Simu ilikataa, ikasema programu ile ina hatari. Nikazima ule ulinzi unaoitwa Play Protect, nikaiweka programu, na sikuuwasha tena. Baada ya miezi alinirudia. Simu inafungua matangazo yenyewe usiku, inatuma meseji asizoandika, salio linakwisha. Na kati ya meseji hizo zilikuwamo zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii", zimekwenda kwa wateja wake na ndugu zake kwa jina lake. Wawili walituma. Alizilipa yeye, kwa sahani za wali, kwa muda mrefu. Mimi nilimrudishia nilichoweza, na tangu siku ile sikuzima tena sasisho la mtu. Nakuandikia haya kwa sababu najua hata leo kuna fundi mahali anasema maneno yangu yale yale, na wewe utamwamini kwa kuwa ana meza na ana kioo cha kukuzia.

Bando ni jambo la kweli, silipuuzi. Ila ngoja nikuonyeshe linavyokudhuru bila wewe kujua. Watu waliotengeneza simu hizi wanaishi penye Wi-Fi nyumbani, kazini na mkahawani. Kwa hiyo simu nyingi hutoka zimepangwa zisasishe programu kwenye Wi-Fi tu. Kwao ni wema. Kwetu, mtoto anayeishi kwa bando la siku anaweza kumaliza mwaka mzima bila programu hata moja kusasishwa, naye anadhani simu inajitunza yenyewe. Hakuzima kitu wala hakukosea. Simu inangoja Wi-Fi ambayo haiji.

Fanya hivi. Ingia Google Play, gusa picha yako pale juu pembeni, fungua mipangilio, tafuta mapendeleo ya mtandao, utaona jinsi programu zinavyosasishwa. Kama una Wi-Fi ya chuo, acha ilivyo, ila uzoee kukaa maktaba mara moja kwa wiki simu ikiwa na chaji ya kutosha. Kama huna, usifungulie kila kitu, utalia. Chagua chache zenye thamani uzisasishe kwa mkono, bando la usiku likiwa hai. Ya kwanza ni kivinjari, Chrome au unachotumia, maana ndicho mlango wa nje. Ya pili ni programu usiyoiona kwenye skrini, Android System WebView. Itafute kwa jina. Hiyo ndiyo inayofungua kurasa za mtandao ndani ya programu nyingine, ukigusa kiungo ndani ya Facebook au programu ya mkopo. Zamani ilikuwa imeganda ndani ya mfumo. Januari 2015 ilipojulikana kwamba Google haizibi tena ile ya Android 4.3 na za nyuma yake, wenye simu hizo hawakuwa na la kufanya. Tangu Android 5 imekuwa programu kama nyingine, inasasishwa dukani. Watu wanaipita kwa kuwa haina picha nzuri. Ya tatu ni Huduma za Google Play, ambazo mara nyingi hujisasisha zenyewe. Kisha WhatsApp, kisha benki na pesa. Michezo na mapambo ya picha yangoje.

Nafasi nayo. Simu ikijaa video za harusi na picha za asubuhi njema, sasisho halina pa kukaa, linakataa kimyakimya. Futa. Za thamani zihamishie kwenye kompyuta ya chuo au flashi. Najua kufuta kunauma, lakini simu isiyo na nafasi haitiwi kalafati.

Na hiyo WhatsApp yako. Usinifiche, nimeiona mara ya mwisho ulipokuja, ni ile wanayoiita GB. Naelewa unachoipendea, kuona meseji zilizofutwa na kuficha kwamba uko hewani. Lakini haikutoka Google Play, haisasishwi na Google Play, na hujui ni mikono gani imeifungua na kuishona upya. Umeipa majina ya watu wako wote, sauti yako, picha zako. Viraka vyote nilivyotaja vikiingia na GB ikabaki, umeshindilia pamba mbele na nyuma ukaacha tundu katikati ya chombo. Iondoe leo. Weka ya kweli. Mazungumzo machache yatapotea, hayana uzito.

Rafiki yako mwenye iPhone ya mtumba kutoka Dubai umwambie na yeye asiogope namba. Apple wamefanya jambo hili la kalafati bila kubadili umbo kwa uwazi zaidi. iPhone 5s ilianza kuuzwa mwaka 2013. Mwaka 2019 ilipokuja iOS 13, simu hiyo iliachwa nje, ikabaki iOS 12. Haikutupwa. Septemba 2021 maabara ya Citizen Lab ya Toronto iligundua mwanya uliokuwa ukitumiwa na programu ya kipelelezi ya Pegasus kuingia kwenye simu bila mwenyewe kugusa kitu. Apple ilileta kiraka kwa simu mpya, na siku chache baadaye ikaleta 12.5.5 kwa ajili ya zile kuukuu. Januari 2023 ikaleta 12.5.7. Simu ya karibu miaka kumi bado inakalafatiwa. Vivyo hivyo iPhone 6s na 7, zilizobaki iOS 15, zilipokea viraka hata mwaka 2025. Rafiki yako aingie mipangilio, sehemu ya jumla, atazame sasisho la programu, na akiona namba ndogo iliyoongezeka nyuma ya nukta, asiidharau. Kazi ya usalama ndimo ilimo.

Sasa nikwambie upande ambao wenzako wamesema kweli. Jahazi lina mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ulioshika mbao zote. Mkuku ukioza kalafati haifai kitu. Katika simu mkuku ni kiini cha mfumo pamoja na programu zilizomo ndani ya chipu, zinazoendesha mnara, Bluetooth na Wi-Fi. Hizo haziji kwa Google Play. Zinaletwa na mtengenezaji peke yake, katika ile tarehe ya kwanza. Na Google nao huandaa viraka vya toleo kwa takriban miaka mitatu na nusu, kisha huacha. Vya Android 11 waliviacha mapema mwaka 2024. Kwa hiyo kama tarehe yako ya kwanza ni ya mwaka 2023, haitasogea tena, hata ukeshe kwenye Wi-Fi. Tarehe ya pili nayo, ukiijaribu mara mbili kwa nafasi ya mwezi na isisogee, ujue mlango huo pia umefungwa kwako. Utabaki na programu. Chrome mpya, tangu Agosti 2025, inataka Android 10 kwenda juu, kwa hiyo wewe bado umo. WhatsApp ilipopandisha masharti Januari 2025, ilitaka Android 5 kwenda juu. Umo pia, tena kwa nafasi kubwa.

Maana yake simu yako ni chombo cha kwenda karibu na pwani. Kusoma, kuandika kazi za chuo, kupiga picha za ubao, kuzungumza nasi, kusikiliza, yote hayo inaweza, ukiitunza kama nilivyosema. Zima Bluetooth usipoitumia. Usiweke programu yoyote iliyokuja kwa kiungo, hata akikutumia dada yako, maana pengine si yeye. Lakini kubeba mali nayo hapana. Ada ya muhula usiilaze humo. Ile laini yako ya pesa itoe, uiweke kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Kitochi kipya ni bei ya chakula cha siku chache, na menyu ya pesa inafunguka kwa kubonyeza namba zile zile za nyota na reli, bila intaneti, bila programu. Programu ya benki iliyomo kwenye simu yako ifute, siyo kuifunga tu. Hata mtu akiingia kwenye simu yako usiku, atakuta notisi za hesabu na picha za shangazi zako, na meseji za uthibitisho wa pesa hatazikuta, kwa kuwa zinaingia kwenye simu nyingine iliyo chini ya mto wako. Mimi mwenyewe nafanya hivi, na simu yangu viraka vyake ni vya mwezi uliopita.

Utasikia kijana wa mezani akikwambia atakuflashia simu iwe Android 14 kwa shilingi elfu kumi. Mifumo mbadala ya kweli ipo, siikatai. LineageOS, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, imeongezea uhai simu nyingi ambazo watengenezaji walizitupa, na watu wake huingiza viraka vya kila mwezi kwa kujitolea. Nawaheshimu sana. Lakini wanafanya kwa orodha ya modeli maalumu, na simu nyingi za bei nafuu tunazouziwa huku hazimo. Hata iliyomo, kuibadilisha kunafuta kila kitu, programu nyingi za benki zitakataa kufunguka, na zile programu za ndani ya chipu zinabaki za zamani vilevile. Kijana wa mezani yeye hatakuwekea hiyo. Atakuwekea kitu alichokipata mahali, na asubuhi utaona namba 14 imekaa pale ilipokuwa 11, ukafurahi. Namba inaandikwa tu. Mwaka 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia mwezi Juni na watu wakawa wanabonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho wa simu na kuituma 15090, nililetewa mezani simu zilizojiita kwa majina makubwa na matoleo makubwa, ukifungua ndani ni kitu kingine kabisa. Ukitaka kujua kama simu inatambuliwa na Google, ingia Google Play, mipangilio, sehemu ya kuhusu, utasoma kama imeidhinishwa na Play Protect au la. Isiyoidhinishwa usiitie hata neno lako moja la siri.

Simu ya mkopo sasa. Nimepita kwenye duka ulilolitaja, nimeiona simu yenyewe. Kioo kikubwa, kamera tatu. Nikamwomba binti wa dukani anifungulie kuhusu simu. Toleo ni 13, naye alinionyesha kwa fahari. Tarehe ya usalama ilikuwa ya zaidi ya mwaka na nusu nyuma. Nikamwuliza mtengenezaji ameahidi viraka mpaka lini, akaniambia atauliza. Ungelipa kila siku mwaka mzima, na siku unayomaliza deni ungekuwa na chombo ambacho huenda kina mianya mingi kama hiki ulichonacho. Ukichelewa malipo, simu wanaifunga kwa mbali, na masomo yako yamo ndani.

Utakapofika wakati wa kununua, na utafika, ulizia mwisho wa kalafati kabla ya bei. Google waliahidi miaka saba kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakaahidi miaka saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na ahadi hizo zinahesabiwa tangu modeli ilipotoka, siyo tangu uliponunua wewe. Kwa hiyo simu nzuri ya mtumba yenye umri wa miaka miwili, yenye miaka mitano mbele yake, inaweza kuwa bora kuliko mpya kabisa ya bei hiyohiyo isiyoahidiwa kitu. Umoja wa Ulaya nao, tangu 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu zinazouzwa huko waendelee kuleta masasisho kwa angalau miaka mitano tangu modeli ilipoacha kuuzwa. Simu hizo zitafika Kariakoo kwa miguu yake, kama zilivyofika nyingine. Kusubiri kidogo hakutakudhuru ukiwa umetenga pesa zako na chombo chako.

Kianzio sitakuongezea. Badala yake, hizo 90,000 zako usiziguse, nami kila mwezi nitaweka kitu juu yake mpaka Desemba, kisha tutakwenda pamoja kuchagua, mimi nitasoma tarehe wewe utachagua rangi. Betri yako najua imechoka, inakata ukifika asilimia thelathini. Nimeshamwambia kijana aliyeirithi meza yangu akuwekee nyingine, gharama ni yangu.

Jumamosi njoo mapema, kabla jua halijawa kali. Lete simu, chaja yake, na ile karatasi yenye tarehe mbili. Mjomba wako ana Wi-Fi dukani, atatuachia kiti. Tutaanza na kufuta.

Wako, Babu